Fimbo ya babu: dola 30 ao dola 3,000?



Mwezi wa nane uliopita baba mdogo aliniita kwake Mudzipela, saa kumi na moja ya jioni, bila kusema sababu. Nilikuta watu saba wamekaa uani. Katikati yao, juu ya kitambaa, iko fimbo ndefu ya rangi ya asali, vipande viwili. Niliitambua mara moja. Ni ile fimbo ya kuloba ya babu, tuliyokuwa tukichapwa tukiigusa.

Baba mdogo akasema: "Wewe ulisoma majani na miti miaka mitano mpaka wakakupa lisansi. Hii njo mti. Sema bei yake."

Hadithi ilikuwa hivi. Mfanyabiashara mmoja anayekwenda Kampala kila mwezi aliiona, akatoa dola 30. Wiki hiyohiyo dada yangu mdogo, mtoto wa baba mdogo, alitafuta kwenye simu akaona fimbo inayofanana nayo, bei dola 3,000. Yeye ndiye aliyekuwa anangoja minerval. Ilibidi alipe sehemu ya kwanza mwezi wa kumi, na pesa haikuwepo. Sasa pale uani nusu ya watu walisema mfanyabiashara ni mwizi, na nusu ingine walianza kumwangalia baba mdogo kwa jicho la pembeni, kama vile amekwisha kula kitu.

Na mimi sikujua lolote. Fakilte yetu ilitufundisha mihogo, kahawa, ng'ombe na mmomonyoko wa udongo. Hakuna profesa aliyewahi kutuonyesha fimbo ya kuvulia samaki. Lakini ukiwa mhitimu wa familia, neno "sijui" linasikika kama umekula minerval yao bure. Niliomba wiki mbili. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyapata katika wiki hizo mbili, pamoja na kosa moja kubwa nililofanya siku ya tatu.

Kwanza, ilifikaje kwetu? Babu alikuwa msaidizi kwenye kituo cha Nioka, huko milimani, enzi za INEAC, ile taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1933. Mbelgiji aliyekuwa akifanya naye kazi aliondoka 1960 na kumwachia fimbo ndani ya mfuko wa kitambaa. Babu akaja nayo Bunia. Alijaribu kuvua nayo kwenye Shari, akapata vidagaa, akaacha. Mwezi wa tano 2003, watu walipokimbia mji, nyumba ya babu ilisafishwa kabisa: masufuria, magodoro, mlango, hata mabati ya jikoni. Fimbo ilibaki darini. Nani atakimbia na fimbo wakati kuna mabati?

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Ukipewa fimbo ya namna hii, kabla ya kuuliza bei uliza imetengenezwa kwa nini. Ziko aina nne zinazochanganywa. Kuna bambu nzima, yaani mwanzi wa duara kama ulivyotoka shambani, vifundo vyake vinazunguka pande zote. Kuna ya nyuzi za kioo, ambayo ni bomba la duara, laini, halina kifundo hata kimoja. Hizo zilienea baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Kuna ya chuma, na hii ndiyo inadanganya watu, maana viwanda vingine vilipaka bomba la chuma rangi ya bambu. Dawa yake ni sumaku. Mimi nilitoa moja kwenye spika ya redio iliyokufa, nikaipitisha juu ya fimbo ya babu, haikushika. Aina ya nne ndiyo tunayoitafuta: bambu iliyopasuliwa. Wafaransa wanaiita refendu.

Hiyo ya nne utaijua kwa vidole kabla ya macho. Si ya duara. Ina nyuso sita bapa, kama penseli ya shule. Ukifuata uso mmoja kwa ukucha utagusa alama ya kifundo hapa, na kwenye uso wa jirani kifundo kiko mahali pengine. Fundi alivipanga kwa makusudi visikutane, kwa sababu kifundo ndicho mahali pa udhaifu. Fimbo yetu ilikuwa hivyo. Nyuso sita, vifundo vimepishana.

Hapa sasa lisansi yangu ilianza kufanya kazi. Bambu si mti, baba mdogo anisamehe, ni jani, ndugu wa mahindi na mtama. Haliongezi unene kila mwaka kama mti. Linatoka ardhini na unene wake wote, kisha linakomaa. Ndani ya ukuta wake nyuzi ngumu hazikutawanyika sawasawa: zimejaa karibu na ngozi ya nje, na kadiri unavyoingia ndani zinapungua, unabaki na nyama laini. Kwa hiyo fundi anapasua bambu katika fito nyembamba, anachonga kila ufito uwe na pembe tatu zilizo sawa, anaondoa ile nyama ya ndani na kuiacha ngozi ya nje bila kuigusa, au akiigusa ni kidogo sana. Kisha anaunganisha fito sita kwa gundi, ngozi zote zikitazama nje. Unapata fimbo isiyo na uwazi katikati, na nguvu yote iko juu, mahali ambapo fimbo inapopinda ndipo inapovutwa zaidi.

Niliona jambo hilo kwa macho yangu. Chini ya mfuko wa kitambaa kulikuwa na kipande cha ncha kilichovunjika, kama sentimeta 7, bado kina pete yake ndogo. Nilikata mwisho wake kwa wembe nikaweka chini ya lupu yangu ya zamani, ile tuliyotumia kuangalia wadudu wa maharage. Ncha haizidi unene wa kijiti cha kiberiti. Lakini pembetatu sita zilikuwepo, zimekutana katikati kama vipande vya keki, na karibu yote ilikuwa nyuzi tupu. Nilikaa nayo mpaka umeme ukakatika.

Msifikiri ni bambu ile ya manjano iliyo kwenye uzio wa parsele zetu. Ile ina wanga mwingi, wadudu wanaitoboa haraka, na mtu aliyeezekea banda la kuku nayo anajua unga unaodondoka. Ya fimbo hizi inatoka Uchina, mkoa wa Guangdong, ingawa wafanyabiashara waliita bambu ya Tonkin kana kwamba ni ya Vietnam. Mtaalamu wa mimea Mmarekani, Floyd McClure, aliipa jina la kisayansi mwaka 1931, na neno la Kilatini alilochagua ni amabilis, yaani ya kupendeka. Imenyooka, vifundo vyake viko mbali na havijavimba, na nyuzi zake zimebanana sana. Kabla yake mafundi walitumia bambu ya India waliyoiita ya Calcutta, na mara nyingi ile ina alama za kuunguzwa kwa moto. Mwaka 1950 Marekani ilifunga biashara na Uchina, bambu ya Tonkin ikakatika kwa mafundi wa kule, na nyuzi za kioo zikachukua soko. Ndiyo maana fimbo nyingi nzuri mnazoweza kukuta ni za kabla ya hapo, ao za miaka michache baadaye.

Kwa nini kazi yote hiyo kwa ajili ya samaki? Kwa sababu kuna uvuvi unaoitwa wa nzi. Ndoano ni ndogo sana, imefungwa manyoya na uzi ili ifanane na mdudu. Haina uzito, huwezi kuirusha mbali. Kinachorushwa ni kamba yenyewe, ambayo ni nene na nzito, na fimbo inapinda na kurudi mpaka kamba inyooke hewani. Fimbo isiyorudi vizuri haifai kitu. Waingereza walileta uvuvi huo Kenya pamoja na samaki wake: mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Scotland, wakawekwa mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Mpaka leo mito ya upande wa Nyeri na Mlima Kenya ina trauti, na ndugu zetu wa kule wana nafasi kubwa kuliko sisi ya kukuta fimbo kama hii kwenye stoo ya mzee. Hapa Ituri mtu aliyekuja nayo alikuja na hamu yake tu.

Jinsi ya kujua kama ni ya nzi: tazama mahali pa kufungia gurudumu la uzi. Kwenye fimbo ya nzi liko mwisho kabisa, chini ya mkono wa koki. Kama liko juu ya mkono ao katikati yake, hiyo ni ya uvuvi mwingine, na kwa kawaida bei yake iko chini. Yetu lilikuwa mwisho.

Sasa kosa langu.

Juu kidogo ya koki kulikuwa na maandishi, madogo, ya wino, chini ya vanishi iliyogeuka kahawia. Niliona herufi lakini sikuweza kusoma. Nilifikiri ni uchafu wa miaka sitini. Nilinunua alkoli ya farmasi, nikalowesha pamba, nikasugua. Pamba ilitoka kahawia, nikafurahi, nikasugua tena. Nilipoinua macho, nusu ya maandishi haikuwepo. Vanishi nyingi za zamani zina shelaki ndani yake, na shelaki inayeyuka kwenye alkoli. Mimi niliyefaulu kemia nilisahau kemia. Yalibaki herufi tatu, "hel", na chini yake neno moja zima: Amboise.

Usiku ule sikulala. Jina la fundi ni nusu ya bei, wakati mwingine zaidi ya nusu. Fimbo ilipita miaka ya Mobutu, ikapita 2003, ikaja kupata ajali mikononi mwa ingenia wa familia.

Asubuhi nilikwenda kumwambia baba mdogo. Nilitayarisha maneno mengi, yakatoka matano tu. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Kwani ile foto niliyomtumia mfanyabiashara haikutoshi?"

Alikuwa amepiga picha kabla yangu! Ilikuwa na ukungu, kidole chake kimefunika kona, lakini ukiipanua unasoma PEZ, kisha doa, kisha "Michel". Pezon et Michel, wa Amboise, Ufaransa, kwenye mto Loire. Ni nyumba inayoheshimika: Charles Ritz, mtoto wa yule Ritz wa hoteli ya Paris, ndiye aliyebuni pamoja nao fimbo maarufu walizoziita Parabolic. Kwa hiyo fundi tulimpata. Ila mstari wa tatu, ambao labda ulitaja ni fimbo ya aina gani katika zile walizotengeneza, kwenye picha ni ukungu na kwenye fimbo ni mahali palipong'aa ambapo nilisugua. Huo umekwenda.

Kwa hiyo: piga picha kwanza, mchana, kivulini, kila upande, na usisafishe kitu. Kitambaa kikavu kinatosha. Usipige msasa, usipake vanishi mpya, na usijaribu kufuta kutu kwenye viungo kwa msumari. Kama viungo vya chuma vimeshikana usivizungushe kama kifuniko cha chupa, bambu itajisokota na gundi itaachia. Vuta moja kwa moja, watu wawili. Kiungo kizuri kinapoachana kinatoa sauti ndogo, po! Chetu kilitoa, jike na dume bado vinakaa sawa. Pia rangi yake ilikuwa ya kijivu-fedha mpaka mahali palipokwaruzika, ishara kwamba ni aloi ya shaba, nikeli na zinki. Fimbo za bei rahisi zina shaba iliyopakwa juu tu, na ukwaruzo unaonyesha manjano.

Baada ya hapo nilipima. Watu wengi wanaruka hatua hii, na ndiyo inayouma. Fimbo ya kiwanda, kwa kawaida vipande vyake vinatengenezwa kuwa na urefu sawa. Kipande chetu cha chini kilikuwa mita 1.31, cha juu mita 1.24. Ile sentimeta 7 ndiyo iliyokuwa ndani ya mfuko. Mkusanyaji akiona ncha fupi anapunguza bei vibaya sana, maana fimbo imepoteza mahali pake pembamba kabisa na haitupi tena kama ilivyobuniwa. Nyingi za zamani, zile nzuri, ziliuzwa na ncha mbili ili ya pili ikae akiba. Yetu ilikuwa na moja. Kisha nikaweka jicho mwisho wa fimbo kama mtu anayelenga bunduki: ilikuwa imepinda kidogo upande wa kushoto, kwa sababu ya kulala darini miaka mingi. Gundi haikuachia, nilishukuru Mungu, kwa sababu gundi za zamani za ngozi za wanyama hazipendi joto na unyevu, na dari ya mabati ya Bunia ina vyote viwili.

Tukafika kwenye ile dola 3,000. Nilimwomba dada mdogo anionyeshe. Ile fimbo ilikuwa ya Payne, Mmarekani, mmoja wa mafundi wachache ambao wakusanyaji wanawagombania. Urefu futi saba, na wanunuzi wa leo wanapenda fupi kuliko ndefu. Ncha mbili, zote kamili. Mfuko na bomba lake vipo. Na zaidi ya yote, 3,000 ilikuwa bei ya kuuliza. Mimi naweza kuuliza dola 3,000 kwa baiskeli yangu. Bei ya kweli ni ile ambayo mtu alilipa, na kwenye maduka ya mnada ya intaneti kuna sehemu ya kutazama vilivyokwisha kuuzwa. Huko ndiko nilikopata picha kamili. Fimbo za bambu nyingi mno zilitengenezwa kwa wingi, na viwanda kama Montague na Horrocks-Ibbotson vya Marekani, na baada ya vita Wajapani waliuzia askari wa Marekani seti nzima ndani ya sanduku la mbao. Hizo zinapendeza machoni na zinauzwa dola makumi machache. Za nyumba zenye jina, zikiwa kamili, kama Hardy wa Alnwick, Uingereza, waliotumia alama ya Palakona, ao hao wa Amboise, mara nyingi zinacheza kwenye mamia. Elfu ni za mafundi wachache.

Yetu: jina zuri, aina haijulikani (kwa sababu yangu), ncha fupi, imepinda kidogo, mfuko upo umechanika, bomba hakuna. Nilirudi uani na karatasi moja. Nikasema kwa maoni yangu ingekuwa Ulaya, mikononi mwa mtu anayeijua, ingeweza kupata kati ya dola 100 na 150. Iko Mudzipela. Mtu anayeitoa hapa mpaka imfikie mnunuzi ana safari, ana mpaka, ana posta, na anaweza kukaa nayo mwaka mzima. Dola 30 ni kidogo lakini si wizi. Dola 3,000 haipo.

Kulikuwa na kimya kibaya. Mama mkubwa akauliza kama nimelipwa na mfanyabiashara. Nilimpa karatasi, nikampa mita ya fundi cherehani, nikamwomba apime yeye mwenyewe vipande viwili. Akapima. Akapima tena. Akasema, "Ni kweli, huyu ni mufupi."

Mfanyabiashara alipokuja tulimpokea na karatasi ileile. Niliona sura yake ikibadilika aliposoma Amboise. Kumbe na yeye alikuwa amesoma foto. Alianza 40, baba mdogo akasema 100, wakakutana 70. Alitoa 50 papo hapo, na 20 akaahidi akirudi Kampala. Niliandika, wakasaini wote wawili, na mama mkubwa kama shahidi. Alitaka pia kile kipande cha ncha. Baba mdogo akamwambia hakimo kwenye bei.

Dola 50 haikufika sehemu ya kwanza ya minerval. Ilibaki pungufu, na pale uani watu walitazamana, kisha wakaanza kutoa, mmoja tano, mwingine kumi, mimi nikatoa zaidi kidogo kwa sababu ya ile alkoli, na hakuna aliyenibishia. Dada mdogo amelipa tarehe 9 ya mwezi wa kumi. Ile 20 ilifika wiki iliyopita, siku mbili kabla ya tarehe.

Kama kwenu kuna fimbo, tazama nyuso, pima vipande, piga picha ya maandishi, nitumieni hapa chini niangalie pamoja nanyi. Kipande cha sentimeta 7 kiko mezani kwangu, karibu na lupu.